Shavu Lililovunjika na Hofu ya Kovu

Swali: Daktari, nilianguka na bodaboda nikavunjika mfupa wa shavu, na nimeambiwa nitawekewa vibati vya kuushikilia. Je, uso utabaki na makovu?

Jibu: Mara nyingi daktari wa upasuaji huufikia mfupa huo kwa ndani ya mdomo, juu ya fizi, pamoja na mikato midogo karibu na nyusi au kwenye kope ya chini, ili kovu lijifiche katika mikunjo ya asili. Vibati vya titani, aina ya metali, kwa kawaida huachwa mwilini. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kuchelewa, kwani baada ya wiki 2 hivi mfupa huanza kuunga vibaya, shavu likabonyea. Uvimbe utakudanganya kwa wiki kadhaa, basi usiharakishe kujihukumu kwenye kioo. Kovu hukomaa kwa takriban mwaka 1. Likinge na jua.