Kwa mwanangu: kwa nini nauliza usingizi kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifika salama. Unauliza kwa nini kila nikikupigia simu nataka kujua umelalaje kabla sijakuuliza unajisikiaje, wakati daktari alisema una baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, wala hakutaja ugonjwa wa usingizi. Na unauliza pia kama ni lazima uache mkesha wa Ijumaa wa kikundi chenu cha maombi.

Mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya mawazo ya ada au ya mtihani huutaka usingizi asiupate, na asubuhi huamka amechoka, macho mazito. Anayeanza kupanda ni tofauti kabisa: hulala kwa muda wa saa tatu, pengine mbili, akaamka na nguvu tele, wala haoni kuwa amepungukiwa na kitu. Madaktari huihesabu hali hiyo miongoni mwa dalili za mania, yaani kule kupanda kwenyewe, na kwa wagonjwa wengi huonekana mapema, kabla maneno hayajaanza kwenda mbio na pesa kutawanywa. Ndiyo maana ukiniambia "najisikia vizuri sana, Mama" sitosheki, kwa kuwa anayepanda hujisikia vizuri kutushinda sisi sote. Sonona, yaani ile huzuni nzito ya wakati wa kushuka, nayo huvuruga usingizi kwa namna zake: wapo wanaokesha macho makavu hadi alfajiri, na wapo, hasa vijana, wanaolala mchana kutwa na kuitwa wavivu na jamaa wasiojua lolote.

Tena usingizi si dalili tu. Kukosa usingizi kwenyewe kunaweza kuizusha mania. Mwaka 1987 Thomas Wehr na wenzake wa Marekani waliandika kwamba mambo mengi yanayodhaniwa kuianzisha, yakiwemo msiba, safari, kujifungua na baadhi ya dawa, huenda yote hupitia mlango mmoja, nao ni kupungua kwa usingizi. Umri wako nao hausaidii, maana katika ujana saa ya mwili huchelewa na usingizi huja usiku mkubwa, na baipola yenyewe mara nyingi hujitokeza kati ya miaka 15 na 25.

Kwa hiyo ninachokuomba zaidi ni saa moja ya kuamka, ile ile hata Jumamosi, kwa sababu saa ya kuamka unaweza kuilazimisha, ila usingizi haulazimishwi. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu mnavyokunywa wakati wa mitihani uviache kabisa. Usinunue dawa ya usingizi wala ya sonona duka la dawa kwa ushauri wa rafiki. Dawa za sonona zikitumiwa peke yake huweza kumpandisha mwenye baipola. Na lithiamu, dawa yako ya kutuliza hisia, usiikatize ghafla, hata ukijiona umepona.

Mkesha nenda, lakini saa nne usiku uage ukalale. Mwenye kukulaumu kwa hilo mwambie ni agizo la mama yako. Lawama nitazibeba mimi, nimezizoea.

Ukilala chini ya muda wa saa nne kwa siku mbili mfululizo na bado huoni uchovu, usingoje nikupigie. Mpigie daktari siku hiyo hiyo, kisha unipigie mimi.

Mama yako