Dawa ya meno itaharibu waya wangu?

Nina miezi miwili tangu niwekewe waya za kunyoosha meno. Rafiki yangu anasema dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayokinga meno yasioze) huzilegeza. Niiache?

Usiiache, tafadhali. Rafiki yako hajatunga uongo, ila amesikia nusu ya habari. Waya wa miezi ya mwanzo kwa kawaida ni mchanganyiko wa nikeli na titani. Ukiukunja hurudi wenyewe, na kule kurudi ndiko kunakovuta jino. Uso wake unalindwa na utando mwembamba sana wa oksaidi ya titani. Floraidi ikikutana na asidi, utando huo huliwa, haidrojeni hupenya ndani ya waya, na waya hupungukiwa nguvu ya kurudi au hukatika kirahisi. Uso nao hukwaruzika, ukawa mzito kuteleza kwenye vibati vilivyogandishwa kwenye meno.

Lakini mengi ya hayo yameonekana maabara, waya ukilowekwa kwa muda mrefu. Wewe unapiga mswaki dakika mbili, unatema, na mate yanasafisha. Ukiacha floraidi, utando wa uchafu kuzunguka vibati unaweza kuleta madoa meupe ndani ya mwezi mmoja tu. Waya daktari ataubadilisha. Doa lile linaweza kubaki hata vibati vikishatolewa, na ndilo linaloniuma ninapoliona kwa kijana wa miaka 15.

Na jeli ya floraidi ninayopakwa kliniki?

Hapo uliza. Jeli ya asidi ina floraidi asilimia 1.23, karibu mara kumi ya dawa ya meno ya kawaida, na ni chachu. Hiyo ndiyo inayoutesa waya wa titani. Mwombe daktari aina isiyo na asidi, au vanishi inayopakwa kwenye jino lenyewe.

Tunaishi Arusha, maji yetu yana floraidi nyingi. Waya wa binti yangu uko salama?

Kwa waya, ondoa hofu. Hata maji yenye miligramu kadhaa kwa lita ni hafifu mno mbele ya dawa ya meno, yenye 1,000 hadi 1,500. Yanayotakiwa kukuhangaisha ni meno na mifupa ya wadogo zake ambao meno yao bado yanajijenga: kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Watafutie maji mengine ya kunywa, hata ya mvua.

Waya wangu sasa ni wa chuma kisichoshika kutu. Nao?

Huo unalindwa na kromiamu, metali iliyochanganywa ndani yake, na floraidi huugusa kidogo zaidi.

Nimeandikiwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya kusukutua.

Itumie kwa siku ulizoandikiwa tu, maana ikizidi hupaka meno rangi ya kahawia. Usisukutue mara baada ya mswaki. Subiri nusu saa, kwa sababu povu la dawa ya meno huidhoofisha. Na kama unakunywa soda kila mchana, ipunguze: asidi yake inakula jino, na ndiyo inayoipa floraidi makali ya kula waya.