Kabla hujailaumu hewa, angalia majira

Mara ya kwanza nilipooanisha idadi ya kila siku ya wagonjwa wa kifua na vipimo vya vumbi laini, PM2.5, hapa Dar es Salaam, nilipata uhusiano mkubwa nikaandika ripoti usiku uleule. Asubuhi daktari wa watoto aliisoma akaniuliza: "Ndugu yangu, hiki si kipupwe tu?"

Alikuwa sahihi. Wakati wa kipupwe mvua ya kuosha vumbi haipo, na mafua nayo yanaenea. Vyote viwili vinapanda pamoja, na regresheni, yaani hesabu ya kupima jinsi kitu kimoja kinavyobadilika pamoja na kingine, haiwezi kujua kipi kimesababisha nini. Masika ni mtihani mwingine: mvua inasafisha hewa, lakini barabara zinajaa maji na wagonjwa wanabaki nyumbani. Daftari la kliniki linapungua majina, kumbe watu wanaumwa vilevile.

Siku hizi naanza bila PM2.5 kabisa. Kwa kuwa nahesabu watu, natumia regresheni ya Poisson, iliyokusudiwa data za kuhesabu. Hesabu zikitawanyika kupita inavyodhani, na karibu kila mara hutawanyika, nahamia quasi-Poisson, toleo lake linaloruhusu mtawanyiko huo. Naweka siku za juma (Jumatatu foleni ni ndefu popote), sikukuu, joto, na splaini, yaani mstari laini unaopindapinda, ya kufuata majira. Kisha nachora masalio, yaani tofauti kati ya idadi halisi na ile iliyokadiriwa. Mawimbi ya majira yakionekana bado, sijamaliza. Yakitulia ndipo naingiza vumbi la leo, la jana na la juzi, maana kifua hakiugui saa ileile.

Splaini ndiyo inayoninyima usingizi. Ikikazwa mno inaacha majira ndani. Ikilegezwa mno inameza hata athari ya hewa yenyewe. Jaribu digrii za uhuru (kiasi splaini inachoruhusiwa kupinda) 4, 7 na 10 kwa mwaka, uonyeshe majibu yote, hata yale usiyoyapenda.

Na kagua mipangilio ya programu. Mwaka 2002 watafiti wa Johns Hopkins waligundua kwamba programu yao, S-Plus, ilikuwa ikisimamisha mahesabu mapema mno. Katika utafiti wao wa miji 90 ya Marekani, ongezeko la vifo kwa kila mikrogramu 10 za PM10 (vumbi la chembe za hadi mikromita 10) katika mita moja ya ujazo ya hewa lilishuka kutoka asilimia 0.41 hadi 0.27. Walilitangaza wenyewe. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Hesabu zangu nilizirudia zote. Athari ilibaki, ila ndogo, na mipaka yake ya uhakika, yaani eneo ambamo jibu la kweli huenda likawa, ilikuwa mipana. Hiyo ndiyo ripoti niliyompelekea yule daktari.