Lengalenga inayotoka maji na nyeusi

Dada, umeuliza kwa nini lengalenga yako (mchicha) inatoka nyeusi na imejaa maji. Ni maji unayoongeza. Lengalenga ina maji yake ya kutosha.

Mimi hapa Bukavu, nikitoka soko la Kadutu naosha majani yakiwa mazima, mara tatu, maana mchanga unajificha kwenye mashina. Ndipo nakata. Ukikata kwanza, utamu unakwenda na maji. Kwenye sufuria: mawese kidogo, kitunguu, nyanya mbili mpaka zilainike kabisa. Kisha majani na chumvi, moto mkali, usifunike. Dakika tano hadi saba tu. Yakinywea na bado ni ya kijani, epua. Ukiwa na sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwa), zikaange pembeni, uziweke juu mwishoni (bwana wangu anabisha, lakini yeye hapiki).

Matembele ni vilevile. Ila sombe (majani ya muhogo) usiiharakishe hata siku moja, mbichi ina sumu. Twanga vizuri, chemsha muda mrefu bila kifuniko, mawese yaingie baadaye. Yangu naibandika kwenye makala (makaa) asubuhi, tunakula na bugali saa nane.