Bodi tatu kwenye paneli moja: kabla hujazivunja kwa mkono

SWALI: Fundi, nina dizaini tatu za bodi za elektroniki nilizochora kwenye programu ya KiCad, zote leya mbili (shaba juu na chini), kuna ya chaja, ya sensa na ya relei. Nataka nizipange kwenye bodi moja ya milimita 100 kwa 100 niagize China kwa bei ya moja, zikifika nazivunja tu kwa mkono au msumeno wa chuma. Nikishazikopi na kupesti nina la ziada?

JIBU: Kwanza hiyo bei ya moja isahau, viwanda vingi vinazitambua dizaini tofauti kwenye paneli (hiyo bodi moja kubwa inayobeba ndogo) na vinaongeza ada, omba bei ukiwaeleza ukweli. Na kopi-pesti usifanye, GND (waya wa hasi, ardhi) ya chaja na GND ya relei zina jina moja kwa hiyo programu itataka iziunganishe, utapata makosa mia na kidogo kwenye DRC (ukaguzi wa dizaini unaofanywa na programu) na wengi hapo wanayapuuza yote pamoja na yale ya kweli. Malizia kila bodi kivyake, ikague, halafu tumia KiKit, programu ya kupanga bodi za KiCad kwenye paneli, inabadilisha yenyewe majina ya neti (njia za umeme). Unene wa bodi na uzito wa shaba lazima viwe sawa kwa zote tatu.

Sasa hilo la kuvunja kwa mkono ndo linalonikera, maana naletewa kila mara bodi "imekufa yenyewe". Haijafa yenyewe jamani! Kapasita za seramiki zile ndogo ni kama kigae, hazipindiki, ukikunja bodi zinapasuka kwa ndani chini ya solda na kwa macho huoni kitu, ukipima leo iko poa, mwezi ujao unyevu unaingia kwenye ufa inapiga shoti, na ikiwa imekaa kati ya umeme na GND kwenye chaja yako ni moshi. Ziweke angalau milimita 5 kutoka kwenye mkato, na zilale sambamba na mkato, zisiuelekee. Mkato wa V, yaani mfereji unaochongwa juu na chini ya bodi ili ivunjike hapo, unaacha kama theluthi moja ya unene na unakwenda mstari mnyoofu kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo bodi zako za saizi tofauti zikipishana utapita katikati ya bodi ya jirani, hapo tumia vishikizo vyenye matundu (vipande vidogo vinavyoshikilia bodi, vimetobolewa ili vivunjike kirahisi), acha nafasi ya milimita 2 kati ya bodi na bodi ili kisu cha mashine kipite. Msumeno nao unatikisa bodi nzima na ile vumbi ni ya nyuzi za kioo, usiivute, vaa barakoa na lowesha bodi.

Na hawa wa kwenye video wanaofundisha kuvunja bodi ukingoni mwa meza baada ya kuchomelea, wanaonyesha ikiwaka siku ile ile tu, hakuna anayerudi kuonyesha baada ya mvua za masika. Wengine wanajitangaza "nakuunganishia faili za Gerber" (faili za dizaini zinazotumwa kiwandani) kwa elfu chache, dizaini yako hata hawaifungui. Muulize kapasita iliyo karibu zaidi na mkato iko milimita ngapi, akibabaika usimtumie faili.