Kuvuka ikweta na maji ya sinki la melini

SWALI: Asalam aleikum mwalimu. Mi ni baharia, kwetu Tanga, meli yetu ya mizigo inapiga Dar, Mombasa, halafu inapanda mpaka Salalah na Muscat kule Oman, kwa hiyo ikweta tunaivuka kila safari, kwenda na kurudi. Sasa kuna ubishi mkali jikoni. Mpishi wetu anasema tukiwa upande wa Dar ukichomoa kizibo cha sinki maji yanazunguka kufuata mishale ya saa, tukishavuka ikweta yanazunguka kinyume, na anaapa kaona kwa macho yake. Mi nimejaribu mara tatu, mbili yamefuata alivyosema, moja yamegoma. Nani mkweli hapa? – Baharia, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Mpishi wako hakudanganyi, kaona kweli alichoona, ila kilichoyazungusha yale maji sio ikweta.

Chukua hivi. Dunia inazunguka, hilo wote tunajua, lakini kwenye mambo ya sinki cha kuuliza sio dunia inakwenda kasi gani, cha kuuliza ni sakafu uliyosimama inageuka kiasi gani chini ya miguu yako, kama kile kiti cha ofisini kinachozunguka. Kule ncha ya kaskazini sakafu inamaliza duara zima kwa siku moja. Ukishuka kuja huku inazidi kuwa mvivu, Muscat inachukua kama siku 2 na nusu kumaliza duara moja, Dar siku 8 na kitu, na ukiwa juu ya ikweta yenyewe haigeuki kabisa, inabebwa tu kwenda mashariki basi. Ukishavuka inaanza tena kugeuka lakini kwa upande wa pili. Hesabu za jambo hili alizitoa Mfaransa Coriolis mwaka 1835, na yeye wala hakuwa akiwaza bahari, alikuwa anapigia hesabu mashine zinazozunguka kama magurudumu ya maji.

Haya, sasa weka sinki lako hapo. Linaisha maji kwa dakika moja, pengine haifiki, na sakafu ya dunia ndani ya hiyo dakika imegeuka kiduchu mno, na nguvu ya mgeuko huo inayoyasukuma maji pembeni, ndiyo inayoitwa nguvu ya Coriolis, haifiki hata sehemu moja ya milioni ya uzito wa maji yenyewe. Na we uko melini! Meli ikigeuza omo, yaani pua yake, nyuzi 10 tu ndani ya dakika moja, jambo ambalo nahodha anaweza kulifanya bila hata nyie jikoni kushtuka, basi kwa dakika hiyo sinki lenu limegeuka kwa kasi mara 100 ya ile ambayo dunia inaligeuza pale Muscat. Bado chombo hakijaenda mrama, bado injini haijatetemesha sakafu, bado bomba halijamimina maji likiegemea upande mmoja wa sinki, bado mkono wa mpishi haujachomoa kizibo kwa kukivutia kushoto. Yote hayo yanaacha mzunguko mdogo ndani ya maji ambao huuoni kwa macho, halafu maji yakianza kukimbilia tundu ule mzunguko mdogo unakusanyika na kuongezeka kasi, ndipo unaona kile kimbunga cha sinkini. Ukichanganya na kwamba meli yenye mzigo wa kwenda inaegemea tofauti na meli ya kurudi, sishangai mpishi kuona maji yakibadilika, ila angeweka hesabu, mara 20 kila upande, akaandika kila moja hata ile iliyogoma, angeona mwenyewe.

Choo usikitumie kabisa kama ushahidi. Kwenye meli nyingi siku hizi kinavuta kwa hewa, na kile cha kumwaga maji kinazungusha kule tundu zake zilikoelekezwa na fundi.

Lakini nisikuachie hapo ukadhani nguvu ya Coriolis ni hadithi, maana iliwahi kuonekana ndani ya chombo cha maji, ila kwa subira ya ajabu. Mwaka 1962 huko Marekani, profesa Ascher Shapiro wa chuo cha MIT alitengeneza beseni kubwa la duara, upana karibu mita 1.8, maji kina cha sentimita 15 hivi, tundu katikati dogo kuliko ncha ya kidole chako. Akayajaza maji makusudi yakizunguka kufuata saa. Akiyaacha saa moja au mbili tu halafu akafungua, bado yalitoka yakifuata saa, yaani maji yanakumbuka yalivyomiminwa! Akaja kuyaacha saa 24, kafunika beseni hewa isiyaguse, chumba kakitunza joto lisibadilike, ndipo yakatoka yakizunguka kinyume cha saa kama hesabu inavyotaka kwa upande wa kaskazini, na yalichukua kama dakika 20 kuisha, nusu ya kwanza hakuna mzunguko wowote wa kuonekana. Mwaka 1965 wenzake wakafanya hivyohivyo Sydney, Australia, maji yakafuata saa. Sasa niambie mwanangu, jiko gani la meli linaweza kutulia saa 24.

Ila kuna kitu kinabadilika kweli mnapovuka ikweta, na hiki ndicho ningependa mjadili hapo jikoni kuliko sinki. Ni upepo. Upepo unasafiri siku nyingi, maelfu ya kilomita, kwa hiyo sakafu ya dunia inapata muda wa kugeuka chini yake. Kusi inavuma kwetu ikitokea kusini-mashariki, inapanda, inavuka ikweta jirani na Kismayo, halafu inapinda kulia inakuwa upepo wa kusini-magharibi, na upepo huohuo mmoja ndio uliokuwa ukiyapeleka majahazi ya Unguja na Lamu mpaka Oman na Bara Hindi. Kaskazi nayo inashuka kutoka kaskazini-mashariki, ikishavuka inapinda kushoto, mpaka kule mkondo wa Msumbiji unaikuta inatokea kaskazini na hata kaskazini-magharibi. Wazee wa majahazi walizifuata hizi njia karne nyingi kabla Coriolis hajazaliwa, mi kila nikilifikiria hili nawavulia kofia.

Na vimbunga ndio usiseme. Idai iliyopiga Beira, Msumbiji, Machi 2019 ilizunguka kufuata saa, Gonu iliyoipiga Oman Juni 2007 ilizunguka kinyume. Karibu na ikweta vimbunga ni nadra sana kuzaliwa kwa sababu sakafu haigeuki vya kutosha kuvizungusha, ndio maana Mombasa iliyo nyuzi 4 hivi kutoka ikweta inapona, wakati Hidaya ya Mei 2024 iliweza kusogea mpaka Mafia.

Kwa hiyo hili likariri, ni la kazi. Hali ikichafuka simama uso uelekee upepo unakotoka. Upande wa Dar, kitovu cha dhoruba kiko mkono wako wa kushoto, nyuma kidogo ya bega. Mkishavuka ikweta kimehamia kulia. Baharia anayesahau kuigeuza kanuni hii anaweza kuikimbilia dhoruba akidhani anaikimbia.

SWALI: Mwalimu, nilipeleka watoto Nanyuki pale kwenye kibao cha ikweta. Kijana akachukua beseni lenye tundu na njiti ya kiberiti, hatua chache upande huu njiti ikazunguka hivi, hatua chache upande ule ikazunguka vile, pale kwa mstari ikatulia tu. Ni ukweli ama? – Mama Wawili, Nakuru

JIBU: Mama, kibao ni cha kweli, ikweta inapita hapo. Ila ile sakafu niliyomweleza baharia, ukiwa mita 20 tu kutoka kwa mstari inahitaji karibu miaka 870 kumaliza duara moja, na beseni la kijana linaisha kwa dakika moja. Kinachozungusha njiti ni anavyomimina maji, ama anavyogeuka na mwili akiwa amelibeba beseni kabla ya kuliweka. Mkirudi mwambie amimine kutokea ukingo wa pili, ama wacha mtoto mmoja amimine mwenyewe, njiti itageuka na nyote bado mmesimama upande uleule wa mstari.