Ng'ombe Kumi na Wawili, Majani ya Wanne

Ujumbe uliingia Ijumaa usiku kutoka kwa mtumishi anayeishi Dodoma mjini, mifugo yake iko Kongwa. Ana ng'ombe 12, marobota 180 ya majani makavu stoo, na kijana mmoja wa kuchunga. Mwaka jana alikuwa na 15. Watatu walimfia kati ya Oktoba na Desemba. Anauliza: "Kaka, nifanyeje wasife tena? Ila kuuza siuzi. Ng'ombe ndiyo heshima ya mtu, na humo yumo dume aliloniachia marehemu mzee."

Swali lina mlango mmoja, na mwenyewe ameshaufunga kabla ya kubisha. Ukame haukumvizia mtu. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 mwaka ukiwa mzuri, baada ya hapo ni vumbi mpaka Novemba. Hilo analijua kila kiumbe wa kanda hii, hata ndege kwelea kwelea anayekula nafaka mashambani.

Tuanze na huyo huyo, ingawa mwenye shamba la uwele hataki hata kusikia jina lake. Kwelea mmoja anakula gramu 10 hivi za mbegu kwa siku. Mvua za kwanza zikinyesha, watu wanashangilia, yeye ndiyo njaa imemfika: mbegu zote zilizokuwa ardhini zinachipua, na majani mabichi hayali. Hangoji afe. Anakula za mwisho mpaka anenepe, kisha anaruka kuipita mvua, anakwenda kutua kule ilikotangulia kunyesha wiki kadhaa nyuma, ambako nyasi zimeshazaa mbegu mpya. Anahama akiwa na mafuta mwilini. Akisubiri akonde, safari haiwezi.

Sasa rudi kwenye zizi. Juni ng'ombe anang'aa, mbavu hazionekani, na hakuna anayewaza kuuza. Oktoba kila mtu anawaza kuuza, mnada umejaa mifupa, na mnunuzi anakupangia bei huku anatafuna karanga. Hasara inakuja mara mbili: kilo zimepungua, na bei ya kila kilo nayo imeshuka.

Hesabu yenyewe haina ushabiki. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 anahitaji kilo 6 hivi za majani makavu kwa siku. Toka tarehe 1 Agosti hadi katikati ya Desemba weka siku 135. Ni kilo 810 kwa kichwa. Robota linalofungwa ndani ya sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, majani yakikanyagwa sawasawa, linatoa kilo 18 hadi 20. Shika 18: kila ng'ombe anadai marobota 45. Yako 180 ni ya ng'ombe wanne. Mabua ya mtama ya shambani yataongeza mmoja, labda wawili. Hayawezi kuongeza wanane.

Na hayo mabua yana mtego. Mtama ukishavunwa, shina hutoa machipukizi mabichi yanayovutia sana macho ya ng'ombe mwenye njaa. Yana sumu ya sianidi. Ng'ombe anaweza kuanguka kabla kijana hajamaliza kukupigia simu. Kata mabua, yakauke kabisa, ndipo ulishe.

Majani yenyewe wengi wetu tunayakata kwa kuchelewa. Nyasi ikatwe inapoanza kutoa maua, mvua zikielekea mwishoni. Ukisubiri Juni kwa sababu "sasa kumekauka", umefunga kuni. Tumbo litajaa na mgongo utazidi kuchongoka. Anza kukata saa nne asubuhi umande ukishakauka, geuza, acha siku mbili. Chukua konzi moja uisokote: ikilowesha kiganja, bado. Ukifunga mbichi, robota linapata joto kwa ndani, linaota ukungu, na stoo inaweza kuwaka yenyewe. Yapange juu ya magogo, kimo cha shubiri moja toka chini, la sivyo mchwa watakula kabla ya ng'ombe.

Mbuzi je? Mchungaji akimchunga mbuzi kama ng'ombe mdogo, kwenye uwanda wa nyasi, amemharibia kipaji chake. Mwache vichakani uone. Anasimama kwa miguu ya nyuma, anaegemeza ya mbele kwenye tawi, midomo inapita katikati ya miiba kuchagua jani moja moja. Kiangazi kikikolea anahamia kwenye maganda ya mgunga yaliyodondoka. Amebadilisha chakula bila kikao cha ukoo. Wa kilo 30 anatosheka na kilo moja hivi kwa siku, na mimba ni miezi mitano, wakati ng'ombe anakuweka zaidi ya tisa.

Hapo hapo Kongwa, mwaka 1947, Waingereza walileta mashine kuja kulima karanga. Mpango ulipikwa mbali, wenye kujua mvua na udongo wa pale hawakusikilizwa. Vichaka na mibuyu vilivunja vyuma, udongo ukikauka ulikuwa kama saruji, mvua ikafuata ratiba yake. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, mamilioni ya pauni yamekwenda. Mbuzi wa Wagogo wakaendelea kula majani ya vichaka hivyo hivyo.

Basi hivi ndivyo ningepanga. Uza wanane mapema, wangali wanene. Watangulie maksai wazee, majike yaliyopitisha mwaka bila kushika mimba, na madume yaliyozidi miaka mitatu. Baki na wenye mimba na mtamba mmoja mzuri, yaani jike ambaye hajazaa. Ukitaka kujua nani yuko salama, wakague asubuhi kabla hawajanywa, maana tumbo la maji linadanganya: simama hatua tatu ubavuni. Mbavu zikihesabika na shina la mkia likiwa na shimo pande zote mbili, huyo hatafika Desemba kwa majani matupu. Jike mwenye mimba kubwa mpe nusu kilo hadi kilo moja ya mashudu ya alizeti kwa siku, miezi miwili ya mwisho, na jiwe la chumvi lisikosekane. Siku ya mnada usiwaswage toka alfajiri na kuwauza mchana huo huo wamesinyaa. Wafike jana yake, wanywe, walale.

Sehemu ya pesa, siyo yote, nunua majike 10 ya mbuzi. Beberu mmoja anatosha hata majike 25, ila mbadilishe kila baada ya miaka miwili asije akapanda watoto wake. Wanaotoka mnadani watenge wiki tatu kabla ya kuwachanganya na wa nyumbani. Homa ya mapafu na sotoka ya mbuzi, magonjwa ya kuambukiza yote mawili, huingia bomani kwa mlango huo. Chanjo ya sotoka inakaa miaka mitatu hivi, ya homa ya mapafu irudiwe kila mwaka. Mwite afisa mifugo kabla hawajakohoa.

Punda tunamsingizia ubishi. Akisita njiani anasimama, masikio mbele, anapima kilichoko mbele yake, akiridhika anakwenda. "Kuuza siuzi" ni kusimama bila kuangalia, na kuna mizoga mitatu ya mwaka jana ya kuangaliwa. Heshima ya mzoga ni ipi, ndugu yangu? Majirani walisaidia kuburuta, wakarudi makwao.

Hilo dume la marehemu mzee halimo kwenye wanane. Libaki, liwe mmoja wa wale wanne, na marobota yake 45 yatenge upande wake wa stoo tangu leo, kijana asiyaguse kwa ajili ya mwingine.